Meno Ishirini na Manane

Ijumaa iliyopita nilimwona Kato. Sikumtafuta, wala yeye hakunitafuta. Nilikuwa nimetoka kuswali, nimesimama kwenye foleni ya karaki, ile chai ya maziwa, pale Abu Hamour hapa Doha, jua linanipiga kisogoni, nikasikia mtu nyuma yangu anacheka. Kicheko kile! Kinaanzia puani kabla hakijafika mdomoni. Alhamdulilahi sikuwa nimeshapewa kikombe, maana ningejiunguza. Nilisimama pale sigeuki, mimi mzee wa mvi, msimamizi wa walinzi kwenye jengo la matajiri huko The Pearl, mtu anayepigiwa saluti na vijana wa Kampala na Kakamega kila asubuhi. Mara ya mwisho nilikisikia kicheko kile ndani ya chumba kisicho na dirisha, na mwili hausahau, bwana. Mwili ulinirudisha kule kabla akili haijauliza ni nani huyu. Yaliyotokea nilipogeuka nitayasema, ila nikianza nayo hamtaelewa kitu, kwa hivyo niacheni kwanza nirudi mwaka ule niliotimiza kumi na saba. Ndio mwaka nilioujua woga wa kweli, si ule wa kuogopa giza au bakora ya chuoni.

Nilikuja Doha mtoto, lakini pasipoti ilisema mimi ni mwanamume wa miaka ishirini na minne. Wakala aliyetutuma kutoka nyumbani alikuwa fundi wa kuzeesha watu. Ukimpelekea kijana asiyeota hata ndevu anakurudishia mtu wa kuoa. Siku ya kuondoka alitukusanya uani kwake akatuambia, "Mkiulizwa umri, semeni ule ulioandikwa. Mkisema wa kweli mmejifunga wenyewe. Hiyo inaitwa kughushi, mtaozea jela." Nilipanda ndege na maneno hayo, na kwa muda mrefu niliyaamini kuliko nilivyoiamini dua ya safari. Vila tuliyowekwa ilikuwa ya kampuni ndogo ya ulinzi ambayo sidhani kama ipo tena. Chumba chetu kilikuwa juu, mwisho wa ngazi za marumaru zinazoteleza: vitanda viwili vya ghorofa, zulia linalonuka soksi, na birika la umeme tulilopikia kila kitu, chai, mayai, tambi, hata siku moja Wafula alijaribu kusonga ugali humo ndani. Ulishika chini, birika likatoa moshi, na kwa wiki nzima chai yetu ilinuka unga ulioungua. Tuliinywa hivyo hivyo tukimtukana.

Wafula alikuwa wa Bungoma, mwembamba, mdomo haufungi, Sheng yake hata mimi wa Mombasa wakati mwingine ilinipita. Mwero alikuwa wa Kilifi, kadogo, sare ya ulinzi imemmeza mpaka mikono ya shati ilibidi aikunje mara tatu. Na Kato alikuwa Mganda wa Jinja, jitu, mabega ya kubeba mlango, ndevu zimeshajaa kidevuni. Sisi watatu tulikuwa tumenong'onezana umri wetu wa kweli: mimi kumi na saba, Wafula kumi na saba, Mwero kumi na sita. Kato hatukumuuliza. Pasipoti yake ilisema ishirini na sita, na ukimtazama unasema naam, hata imempunguzia. Ndiye aliyegawa chakula, ndiye aliyeamua nani alale kitanda cha chini, na Mwero akipata homa ndiye aliyemkanda kwa kitambaa cha maji. Mimi walinipa jina la Maalimu kwa sababu nilisoma chuo cha Kurani na nilijua Kiarabu. Nasema nilijua; nilijua cha juzuu na kasida, si cha dukani. Lakini mbele ya vipofu, chongo mfalme.

Tukitoka zamu, tunakaa chini na sinia la wali na maharage ya kopo, na Mwero anatusimulia katuni zake za Kijapani. Kwao Kilifi kulikuwa na kibanda cha video ambapo mtu mmoja alishika maikrofoni akazitafsiri katuni hizo kwa Kiswahili juu kwa juu, anaongeza chumvi, anawatusi maadui, na Mwero aliishika sauti ya yule bwana barabara. Katuni aliyoipenda ilikuwa ya wavulana waliofungwa jela chumba kimoja, mmoja mkubwa, steringi mwenyewe, anawalinda wadogo, na kila siku mlinzi katili anawatafuta. Nafikiri nusu alikuwa akiitunga mwenyewe. "Na hapa, ndugu mtazamaji, steringi anakunja ngumi!" anapiga kelele na kijiko mkononi, na Wafula anadakia, "Maze, huyo steringi atakufa," na Mwero anakasirika kweli kweli: "Steringi hafi! Wewe umeona wapi steringi anakufa?" Kato anacheka kwa pua. Tulikuwa watoto wanne tuliovaa viatu vya watu wazima, na nikikumbuka jinsi tulivyoipenda jela ile ya katuni nasema, Mungu wangu, tulikuwa tunaitamani shari.

Ilikuja. Msimamizi wetu alikuwa mtu wa kwetu Afrika Mashariki, sisemi nchi gani, na mkono wake ulikuwa mwepesi. Alasiri moja ya kiangazi, joto lile la kuchemsha maji ndani ya bomba, alimkuta Mwero amesinzia kwenye kibanda cha geti huko Al Rayyan. Akamrudisha vila kwa gari, akampandisha ngazi huku anamchapa kwa waya wa chaja. Tulisikia kelele tukatoka. Mwero alikuwa ameshika vyuma vya ngazi, analia "Baba, nisamehe," na yule bwana anapiga tu. Sote tulimrukia. Mimi nilishika shati, Wafula mkono, Kato alikuwa katikati, Mwero mwenyewe alikuwa anajinasua. Kisha hakukuwa na mtu mbele yetu tena. Alikuwa chini, mwisho wa marumaru, mdomo umejaa damu, meno mawili yako peke yake kwenye ngazi ya tatu. Mpaka leo sijui alisukumwa na mkono wa nani. Hakuna kati yetu aliyejua, na kila mmoja aliamini moyoni kwamba ni wake. Ambulensi ilikuja, kisha polisi wakaja, na kabla jua halijatua tulikuwa ndani.

Chumba kile nakiona sasa hivi ninavyoandika. Kuta za rangi ya maziwa, magodoro manne ya plastiki ya buluu, choo nyuma ya ukuta wa kiunoni, taa isiyozimwa, na kiyoyozi kinachopuliza baridi ya kuumiza mifupa wakati nje watu wanaungua. Hatukupigwa, nataka hilo lieleweke, wala hatukunyimwa chakula. Asubuhi walileta khubuzi, ule mkate wao mwembamba, na jibini na yai, mchana wali na kuku, ndimu nusu pembeni, jioni dengu. Lakini chakula na woga havikai tumbo moja. Wafula, yule mwenye mdomo, alinyamaza kabisa. Mwero alianza kukojoa usingizini, mtoto wa miaka kumi na sita, na akiamka anatazama ukuta hataki kututazama, na Kato anageuza lile godoro bila neno, anampa lake kavu, yeye anakaa juu ya kigae. Mimi kila funguo zikilia kule barazani nahesabu hatua za anayekuja. Niliogopa mpaka nikachoka kuogopa, halafu nikaanza upya. Wakati wa kulala tuliyasogeza magodoro yakagusana, tukalala miguu juu ya miguu, na mmoja akitetemeka wote wanne tunajua, ila hatujui ni nani aliyeanza.

Kilichotutisha kilikuwa kimoja tu, na nilikisikia mwenyewe kupitia kile kidirisha cha mlango. Askari wa zamu ya mchana alikuwa mzee mmoja aliyeitwa Saleh, nami nikimwita Ami Saleh, kama tunavyowaita wazee kwetu. Alikuwa akizungumza na mwenzake, pole pole, na nikayaokota maneno: yule mtu hospitalini bado hajazinduka. Kesi inataka jina moja. Likikosekana jina moja, wanaenda mahakamani wote wanne, na akifa, basi. Lile "basi" halikuhitaji mkalimani. Nikawaeleza wenzangu kwa sauti ya chini. "Tuseme sote," Wafula akasema, neno lake la kwanza tangu juzi. "Ama tuseme hakuna." Mwero akasema ni yeye, kwa kuwa ni yeye aliyesinzia. Kato akamziba mdomo kwa kiganja chake chote. "Wewe kula kuku," akamwambia. "Hakuna mtu anasema kitu. Kula."

Sasa mnielewe kazi yangu ilivyokuwa. Kila neno lililotoka mlangoni lilipita kwangu kabla halijawafikia, na mimi Kiarabu changu nusu ni cha chuoni, nusu nyingine ni Kiswahili nilichokivalisha kanzu. Safari ni safari, dawa ni dawa, wakili ni wakili, na haya yote yalinipa kiburi. Siku moja Ami Saleh alituletea chai, akasema, "Bukra hukuma." Bukra ni kesho, hilo nalijua. Na hukuma? Nikawageukia wenzangu. "Kesho hukumu," nikasema. Lo! Wafula alitapika ile chai palepale. Mwero alishika mguu wa Kato hakuuachia mpaka kesho yake. Mimi nilisali rakaa ambazo hazina jina. Asubuhi wakaja mabwana wawili wa serikali wenye manukato mazuri, wakakagua taa, kiyoyozi na choo, wakauliza kama tunapata maji ya kunywa, wakaondoka. Hukuma kwa Waarabu ni serikali tu. Kato alicheka mpaka akalala chini, akasema, "Maalimu, wewe utatuua kabla ya hawa." Hata mimi nilicheka, lakini baada ya hapo sikuliamini tena sikio langu, na nilikuwa sina jingine.

Ndipo akaja karani. Walitutoa tukapelekwa kwenye ofisi yenye zulia jekundu na sahani ya tende, tukasimamishwa mbele ya meza, Ami Saleh mlangoni. Karani alikuwa kijana mnadhifu, Kiarabu chake si cha askari wa pale, kilikuwa cha kwingine, cha haraka, na mbele yake pasipoti zetu nne zimelala wazi. Hakuinua macho. Akasema, "Sinnak kam?" Kam ni ngapi. Na sini, jamani, sini nilifundishwa na marehemu maalimu wangu kwa bakora: sini ni jino. Ananiuliza nina meno mangapi! Yale meno mawili kwenye ngazi ya tatu yakanijia machoni, na kwetu mtoto mdogo anajua maana ya jino kwa jino. Ndiyo hukumu yenyewe, nikasema moyoni, wanataka kujua wanang'oa kutoka ngapi. Ulimi wangu ukaanza kutembea mdomoni wenyewe, juu, chini, kulia, kushoto, nikarudia nisije nikadanganya. Nikajibu kwa Kiarabu changu safi, sauti inatetemeka: ishirini na manane.

Karani akatazama pasipoti. Akatazama tena. "Ishirini na nane?" Nikaitikia kwa kichwa. Akamwonyesha Wafula kwa kalamu: na huyu? Basi nifanyeje? Nikamwambia Wafula, "Fungua mdomo." "Ati nini?" "Fungua mdomo, wanahesabu meno." Nikamshika taya, nikaingiza macho, nikahesabu kwa kidole mbele ya bwana mkubwa yule, kama mtu anayenunua mbuzi wa Idi. Ishirini na manane. Mwero alikuwa analia, kamasi zinachuruzika, nikamhesabia naye: ishirini na saba, moja lilitoka kwa ule waya wa chaja. Nilipofika kwa Kato alinikunjia uso, lakini akainama, akafungua. Ishirini na manane. Nikatangaza yote hayo kwa sauti ya kusoma darasani. Karani alipiga meza kwa kiganja, tende zikaruka, akafoka maneno niliyopata moja tu kati yake, kwamba tunamchezea. Nilijua tumekwisha. Mkojo ulinitoka kidogo, nasema ukweli, mficha uchi hazai.

Aliyetuokoa ni Ami Saleh. Mzee alianza kucheka pale mlangoni, kicheko cha kukohoa, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba chake, kisha hakuwa anacheka tena. Akasogea, akamwinamia karani sikioni, akasema maneno mengi, na moja nikalijua, maana liko katika kila kasida ya Maulidi: auladi. Watoto. Hawa ni watoto. Karani akakiondoa kiganja mezani. Ami Saleh akanigeukia, akasema polepole kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, "La, la. Mush asnan. Umrak. Umr." Si meno, umri! Akaonyesha kimo cha mtoto kwa mkono, akaupandisha, akaupandisha, akausimamisha hewani akingoja. Ajabu ya Musa, kumbe kwao jino na umri vyote huitwa sini, na maalimu wangu, Mungu amrehemu, alinifundisha kimoja tu.

Hapo ndipo woga wenyewe ulipoanza, maana sasa nilielewa swali. Lile la meno nilijibu kwa ujinga. Hili nilitakiwa kulijibu kwa akili. Nikimwambia ishirini na minne, uongo wa wakala unaendelea kuwa kweli, tunakwenda mahakamani watu wazima wanne. Nikimwambia kumi na saba, nimekiri kughushi, tunaozea jela. Nilimtazama Kato. Watu wote katika chumba kile, hata karani, walinitazama mimi namtazama Kato. Alikuwa amesimama wima, mikono nyuma, jasho linamtiririka shingoni ingawa mle ndani palikuwa baridi. "Sema ukweli, Maalimu," akaniambia. "Yako sema. Ya Wafula sema. Ya Mwero sema." Nikasema. Kumi na saba, kumi na saba, kumi na sita. Niliyasema macho nimefumba, nikingoja pingu. Nilipoyafumbua, karani alikuwa ameiweka kalamu chini. Akamwonyesha Kato kwa kidevu: na huyu mkubwa?

Kato hakuningoja nimtafsirie. "Ambia yeye pasipoti yangu haina makosa," akasema. "Mimi ni mtu mzima. Ambia yeye hawa ni watoto, waliletwa na watu, hawajui kitu. Yule bwana alikuwa anapiga mtoto, nikamsukuma. Mimi, peke yangu. Sasa wana jina moja." Wafula akaanza, "Zii, buda, usi..." na Kato akamkata kwa jicho. Mtoto gani anaweza kumbishia mtu mzima anayesema yeye ni mtu mzima? Niliyatafsiri neno kwa neno, na siku hiyo, kwa bahati yangu, kila neno lilikuwa na maana ileile pande zote mbili. Karani aliandika. Ami Saleh aliinama akatazama viatu vyake.

Sisi watatu tulipelekwa hospitali, tukapigwa eksirei za viganja, daktari mama mmoja mwenye miwani akazitazama kwenye taa akasema ndiyo, hawa bado wanakua. Kato hakupigwa eksirei, yeye hakubisha umri wake, na aliyemtazama hakuona sababu ya kumtilia shaka. Tulirudishwa chumbani mchana tukusanye vitu, yaani blanketi na miswaki. Wali ulikuwa umefika. Kato alitukalisha chini tule wote kwenye sinia moja, mara ya mwisho, akamwekea Mwero paja la kuku, na Mwero halili, anamwangalia tu. "Steringi hafi," Mwero akasema. Ilimtoka kwa kilio. Kato akacheka kwa pua yake ile, akasema, "Kula, wewe." Funguo zikalia. Tulipotoka niligeuka, nikamwona amekaa kwenye godoro la buluu, mabega yale makubwa, anatupungia mkono mmoja, na mwingine ameukalia. Nilijiambia anaukalia kwa sababu ya baridi.

Walitupeleka mahali pa vijana, penye uwanja wa mpira na mwalimu, na baada ya wiki kadhaa tukapandishwa ndege. Hakuna aliyetufunga kwa kughushi. Yule wakala alitudanganya hadi mwisho. Msimamizi alizinduka, akapona, na nasikia aliweka meno ya bandia akarudi kwao. Kato alihukumiwa. Miezi mingi baadaye dereva mmoja Mganda alinipigia simu Mombasa, akaniambia jamaa yenu bado yuko ndani, lakini yu salama, anajifunza kuoka mikate. Halafu simu zikabadilika, namba zikapotea. Mimi nilirudi Doha nikiwa na ndevu zangu halali na pasipoti ya kweli, nikapanda kazini mwaka baada ya mwaka. Wafula yuko Bungoma, ana boda boda tatu na mdomo wake umerudi. Mwero tulimzika miaka mingi iliyopita kwa malaria, na siku ile ndiyo nilimlilia Kato pia, maana nilidhani sitamwona tena.

Basi Ijumaa iliyopita nikageuka. Kichwa chake kimepata upara, tumbo limetangulia, aproni ya mwokaji bado kiunoni na unga kwenye nyusi. Kazi alikuwa ameianza mwezi mmoja tu, kwenye tanuri la mikate hapo nyuma ya mkahawa. Tulikumbatiana mpaka watu wa foleni wakatuzunguka wakaendelea. Tukakaa kwenye viti vya plastiki, chai mbele yetu, hakuna anayejua aanzie wapi. Mimi ni mtu wa pwani, na nikishindwa na maneno huwa narudi kwenye adabu. Huyu ndiye aliyetubeba. Nikakishika kiganja chake kwa mikono yangu miwili, nikainamisha kichwa, nikamwambia nilivyopaswa kumwambia siku zote zile, "Shikamoo, kaka."

Hakuitikia. Nilingoja, kichwa chini, nikafikiri labda kwao hawajui jibu lake. Nilipoinua macho niliona hacheki. "Usinipe hiyo," akasema. "Si yangu."

"Si yako vipi? Wewe mkubwa wangu."

"Maalimu." Alikuwa akikizungusha kikombe juu ya meza. "Mwaka ule nilikuwa na kumi na tano. Nilikuwa bado sijatimiza kumi na sita. Mwero alikuwa mkubwa wangu."

Kelele zote za Abu Hamour, mahoni, watu wanaoagiza chai, zilikwenda mbali. Nikamwuliza kwa nini, na sauti iliyotoka haikuwa yangu.

"Walitaka jina moja. Mtoto akikiri, nani anamwamini? Wangesema wenzake wamemtisha, wangewashika wote tena. Ilitakiwa mtu mzima. Na ninyi wote mlikuwa mnatetemeka, Maalimu, kila mtu aliona. Mimi nilitetemeka kuwashinda ninyi wote. Lakini mwili kama huu hakuna mtu anauangalia kama unatetemeka." Akakisukuma kikombe pembeni. "Mkono niliukalia ule siku mlitoka. Sikutaka Mwero auone."

Nilimtazama mtu yule wa makamo mwenye unga kwenye nyusi, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtoto aliyebaki peke yake kwenye godoro la buluu, taa haizimwi, funguo zinalia barazani, hana mwenzake wa kulaza miguu juu ya miguu yake. Nililia, na sikujificha. Ndipo akasogeza kiti, akakichukua kiganja changu kwa mikono yake miwili mikubwa, akainamisha ule upara mbele yangu, katikati ya watu, kama anavyofanya mdogo kwa mkubwa wake.

"Shikamoo, kaka," akasema.

Jibu lake ni neno moja tu, na kila mtoto wa pwani analijua kabla hajajua kutembea. Ilinichukua muda mrefu kulipata. "Marahaba," nikamwambia. "Marahaba, mdogo wangu."